Salamu Zimfikie Popote Alipo

Mama yangu alikuwa akimwitikia mtangazaji. Sisemi alikuwa akisikiliza redio, maana pale kijijini kwetu Dirma redio waliisikiliza wenye nayo na wasio nayo. Nasema alikuwa akimwitikia. Yule bwana wa Dar es Salaam akisema, "Hamjambo wasikilizaji," mama anaacha ufagio, anajifuta mikono kwenye kanga na kusema, "Hatujambo, karibu." Kisha anakaa. Akishakaa hapo, uji uungue, ndama aingie kwenye mahindi, mtoto alie mpaka akauke sauti, yeye hana habari.

Siku hizi nikiwasimulia wanangu wanacheka. Wanasema bibi yao alikuwa shabiki, kama wao na wasanii wao. Ni kweli, alikuwa shabiki, na sijaona mwingine kama yeye. Lakini wao wanacheka kwa sababu hawakuwa mle ndani.

Ilikuwa miaka ya mashamba ya ngano ya serikali. Baba alikuwa dereva wa kombaini, mashine ya kuvunia ngano, katika shamba moja upande wa Basotu. Wakati wa mavuno hatukumwona isipokuwa Jumapili, na hata hapo alikuja na vumbi la ngano masikioni na usingizi machoni. Mavuno ya mwaka ule, mdogo wetu wa mwisho alifariki. Alikuwa mchanga sana, hajabatizwa, na jina lake hakuna aliyekuwa ametangaziwa. Bibi mkunga, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, ndiye aliyempokea alipozaliwa, na ndiye aliyemzika nyuma ya nyumba. Baba alipofika, udongo ulikuwa umeshakauka.

Sisi Wairaqw tuna jambo linaloitwa metimani. Kifo cha namna ile kikiingia, nyumba hutengwa. Si kwa chuki, na wala hakuna anayekutukana. Ni kwamba kifo kimekushika mkono, na atakayekushika mkono wewe atakuwa amekishika nacho. Kwa hiyo hawaingii kwenu wala ninyi hamwingii kwa mtu. Hamwombi moto kwa jirani. Kisimani mnasubiri wengine wamalize. Anayetaka kukusalimu anakusalimu kwa mbali, akiwa amesimama ng'ambo ya mtaro uliozunguka kiwanja chenu, na anaharakisha. Shuleni nilikuwa na kikombe changu cha maji, kimetundikwa kwenye msumari wake. Mchungaji wetu alisema mimbarini kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, na washarika wote wakaitikia amina. Tulipokaa, benchi letu likabaki letu peke yetu.

Baba yeye alikuwa na nchi mbili. Kule kambini walikuwepo watu wa kila kabila, hakuna aliyejua metimani ni mnyama gani, naye alikula nao sahani moja wiki nzima. Sisi tulikuwa na nchi moja tu, nayo ilikuwa na kuta nne na mtaro. Nadhani ndiyo maana alituletea redio. Aliitoa kwenye gunia kwa aibu kidogo, akaiweka rafuni akasema, "Ikuchangamshe." Laiti angejua.

Kipindi cha salamu kilikuja mchana, baada ya taarifa ya habari. Kama hukuwahi kukisikia, mambo yalikuwa hivi: watu walinunua kadi madukani, wakaandika majina ya wanaotaka kuwasalimu na kuzituma kwa posta. Mtangazaji alizisoma moja baada ya nyingine. Fulani wa Mpanda anamsalimu shemeji yake aliyeko Tanga, zimfikie popote pale alipo. Ndiyo basi. Hakuna hadithi, hakuna mzaha, ni majina ya watu usiowajua wakisalimiana nchi nzima. Ungedhani mtu atachoka baada ya siku mbili.

Mama hakuchoka. Hebu fikiria mtu ambaye kila anayempita anamrushia salamu kama anayemrushia mbwa mfupa, halafu kila mchana sauti nzuri ya mwanamume, sauti isiyo na haraka, inakuja kumwuliza ameamkaje. Mwanzoni alisikiliza akiwa anachambua maharage. Baadaye maharage yakasubiri. Akawa anaoga kabla ya kipindi, anabadili kanga, anatufukuza nje tusikohoe. Redio aliitoa rafuni akaiweka juu ya kiti cha mgeni, kile chenye kitambaa cha kufuma, yeye akakaa kwenye kigoda mbele yake.

Na wale waliokuwa wakituma kadi akawafanya ndugu. Alikuwepo fundi cherehani wa Sumbawanga aliyesalimu watu wengi mpaka mtangazaji mwenyewe akacheka. Alikuwepo dereva wa Masasi, na mwalimu wa kike wa Kibondo aliyemsalimu kila siku mtu yuleyule. Mama alitusimulia habari zao tukila.

"Dereva wa Masasi amenyamaza," alisema siku moja akikoroga uji. "Lazima anaumwa. Au mke wake amemkataza."

"Mama, kwani unamjua?"

"Wewe humjui?" akanishangaa, na mshangao ule ulikuwa wa kweli.

Shangazi yetu aliyekuwa Katesh alijifungua mwezi ule, na hatukupata habari mpaka mtoto akaanza kukaa. Lakini fundi wa Sumbawanga alipohamia mtaa mwingine, tulijua.

Katika ukoo huo, mtangazaji ndiye aliyekuwa mkubwa. Mama alimjua kwa pumzi zake. "Leo hajala," angesema. "Leo kuna mtu amemuudhi huko ofisini." Hakuwahi kumtaja kwa jina, alimwita mgeni. Baba akirudi Jumapili alijaribu utani. "Mgeni wetu hajambo?" Mama alijibu kwa unyenyekevu kabisa, "Hajambo, ila kifua kinamsumbua." Baba alikula ugali wake akiangalia ukuta. Sijawahi kumwona mtu mkubwa vile, mwenye kuendesha mashine ile yote, akiwa mdogo kiasi hicho.

Mara moja tu nilimwona mama akimwekea mgeni wake maziwa. Alijaza kikombe, akakiweka kwenye kiti, pembeni ya redio, kama anavyowekewa mgeni yeyote kwetu. Kipindi kikaisha. Maziwa yakabaki pale. Hakuna kati yetu aliyethubutu kuyagusa, na paka alipanda, akayanusa, akashuka. Kesho yake yalikuwa yameganda na mama aliyamwaga nyuma ya nyumba, taratibu, mahali palepale alipozikwa mdogo wetu.

Nilianza kuogopa siku betri zilipokwisha. Wakati huo betri zilikuwa adimu kuliko sukari, na baba hakuzipata Katesh wala Basotu. Tulifanya kama kila mtu alivyofanya: tulizitoa, tukazianika kwenye jiwe juani ili zipate nguvu kidogo. Mchana ule nilikuwa natoka kisimani na debe la maji kichwani. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka tambarare ya ngano, na palikuwa hakuna mtu njiani. Nilipofika mtaroni nikasikia sauti ya yule bwana ikitoka ndani.

"Na sasa twende Sumbawanga," alisema. "Fundi anawasalimu wafuatao."

Nilifurahi. Nikajua baba amepata betri. Kisha nikaona jiwe. Betri zilikuwa pale pale juani, zimepangwa mstari, na mjusi alikuwa amelala kando yake.

Nilisimama na debe kichwani. Sauti iliendelea. Ilitaja majina, ikameza mate, ikakohoa kile kikohozi chake, ikasema, "Zimfikie popote pale alipo." Mdogo wangu wa kike alikuwa amekaa mlangoni akichezea magunzi. Aliniangalia bila wasiwasi wowote. "Kipindi kimeanza," akaniambia, "usipige kelele."

Nikachungulia. Mama alikuwa kwenye kigoda, amenipa mgongo, uso kwenye redio. Mfuniko wa betri ulikuwa wazi, na tumbo la redio tupu. Sauti ile ilikuwa ikitoka kwa mama. Haikuwa kuigiza kama watoto wanavyomwigiza mwalimu. Ilikuwa ni yeye, bwana yule, na mapumziko yake na uchovu wake. Akimaliza salamu, mama anainua kichwa na kuitikia kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya heshima: "Ahsante. Na wewe pia." Mwishoni akanyoosha mkono, akaizima redio. Nilisikia kitufe kikilia.

Nilimwogopa mama yangu, nasema wazi. Usiku nililala nimempa mgongo. Na yule bwana nilimchukia kwa chuki ambayo sijawahi kumpa mtu niliyemwona kwa macho. Nilitaka mama yangu, na alikuwepo, anapika, ananisuka, lakini mwenye kukaa ndani yake alikuwa amehamia mahali ambapo watu husalimiana.

Metimani ina mwisho wake. Wazee na akina mama wakubwa wakiona muda umetosha, wanawake huja na pombe na maziwa, anayetengwa hutoka nje mwenyewe mpaka mpakani, mkubwa wao anamshika mkono mbele ya wote, na nyumba inakuwa nyumba tena. Ngano mpya ilipoanza kuota, habari zikaja kwamba siku yetu imekaribia. Nilihesabu kwamba akishikwa mkono na mtu mwenye damu, bwana wa redio ataondoka.

Hapo ndipo mama alipowasalimu majirani.

Tulikuwa hatujui kwamba alikuwa ametuma kadi. Baba alizipeleka posta kama alivyopeleka kila alichotumwa, bila kuuliza. Mchana mmoja redio, yenye betri mpya, ikataja jina la mama, mke wa fulani, wa Dirma, Hanang, mkoani Arusha. Ikasema anawasalimu majirani zake wote wa ng'ambo ya korongo, ikawataja mmoja mmoja. Mama alishika mdomo. Alicheka, mara ya kwanza toka mavuno. Na mimi nilicheka, maana nilikuwa mtoto na jina letu lilikuwa limefika Dar es Salaam na kurudi.

Ng'ambo ya korongo hawakucheka. Jirani yetu wa juu alikuwa na redio yake, na wakati ule palikuwa na watu uani kwake. Aliposikia jina lake alijibu kwa mazoea, kwa sauti kubwa, "Salama kabisa!" Ndipo akakumbuka nani amemsalimu. Mkewe aliacha kukamua ng'ombe, maziwa nusu. Jioni wazee wakakaa, na sisi tuliwasikia kutoka kwetu, maana walikuwa hawanong'oni.

"Umeitikia au hukuitikia?"

"Niliitikia redio, mzee."

"Redio imetumwa na nani?"

"Na huyo mama. Lakini imepita Dar. Dar hakuna metimani."

"Maji ya kisimani nayo yanapita mbali. Mbona hatuchoti pamoja?"

Walibishana mpaka jua likazama. Mwishowe wakaamua kwamba salamu zilimfikia, kwa kuwa alijibu, ila zilimfikia kupitia redio, kwa hiyo kinachotakiwa kusafishwa ni redio. Walichemsha majani yao, wakaimwagia maji ya dawa. Redio ya jirani yetu wa juu ilikohoa mara moja na haikusema tena maisha yake yote. Baba aliposimuliwa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu kulikuwa na neno la pili. Bibi mkunga alikuja mwenyewe mpaka mtaroni kulisema.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia kwa mbali.

"Marahaba. Mwambie mama yako, wazee wamesema safari hii wamesamehe. Akisalimu tena mtu kabla hajatolewa, tunaanza upya. Mwaka mwingine. Umesikia, mwanangu?"

Nilikimbia ndani. Mama alikuwa akipanguza redio.

"Umetuma kadi nyingine?"

"Zimeshakwenda," akasema.

"Za nani? Umemsalimu nani?"

Akageukia kitambaa chake. Na mimi sikulala vizuri tena. Mwaka mwingine wa kikombe kwenye msumari ningeuvumilia. Nilichokuwa na hakika nacho ni kwamba mwaka mwingine na yule bwana, mama hatarudi. Kila mchana niliposhinda nyumbani nilikaa mlangoni nikiomba kadi zipotee, gari la posta likwame matopeni, mtangazaji augue kifua chake afe. Ndiyo, niliomba na hilo.

Siku ya kutolewa ilifika na hakuna kilichokuwa kimesomwa. Mama alinyolewa, akaoga, akavaa gauni lake la ibada. Wanawake walitakiwa kuja asubuhi, lakini ng'ombe wa mmoja alizaa, wakachelewa. Walipotokea kwenye korongo na vibuyu vyao, Bibi mkunga mbele, taarifa ya habari ilikuwa inamalizika. Nilimwona mama akiangalia mlango, kisha akiangalia kiti. Akakaa kwenye kigoda.

"Mama, wamefika."

"Hamjambo wasikilizaji," alisema bwana yule.

"Hatujambo, karibu," alisema mama.

Nje waliita. Desturi haiwaruhusu kuvuka. Lazima mtu atoke mwenyewe. Nilikimbia mpaka mtaroni nikasema anakuja, nikarudi ndani, hakuwa anakuja. Nikatoka tena. "Mwambie jua linatupiga," alisema Bibi mkunga, na wengine walianza kutazamana. Nilirudi nikaweka kidole kwenye kitufe cha redio.

"Usiguse."

"Mama, wakisikia jina lako leo, tumekwisha."

"Najua," akasema. Kisha yeye mwenyewe akaongeza sauti mpaka mwisho.

Nadhani alijua siku hiyo ndiyo. Sijui alijuaje. Nimeuliza swali hilo maisha yangu yote. Labda alikuwa akifanya hivyo kila siku, akingoja, na mimi nikaiona siku ile tu. Lakini sauti ilipoanza, midomo yake ilikuwa ikienda pamoja nayo, na haikuchelewa hata neno moja. Ilitaja jina lake, mke wa fulani, Dirma, Hanang, mkoani Arusha. Nje walikuwa wanasikia kila kitu.

"Anamsalimu mtu mmoja tu," bwana alisema.

Akataja jina. Sitaliandika hapa. Lilikuwa jina la kwetu, gumu kwa mtu wa pwani. Alilikwaa mara ya kwanza, akalikwaa mara ya pili. Tukasikia karatasi. Mara ya tatu alilitamka polepole, sawasawa, kama mtu anayemwita mtoto aliyelala.

"Zimfikie popote pale alipo. Ujumbe hakuandika."

Niliangalia nje. Wanawake walikuwa wakiulizana. "Huyo ni nani?" mmoja alisema. "Dirma hatuna mtu wa jina hilo." Bibi mkunga hakuuliza. Alikuwa amegeuza uso taratibu kuelekea nyuma ya nyumba yetu, na alipogeuka yeye, mmoja mmoja wakageuka wote. Walisimama vile, vibuyu vichwani, wakitazama pale kwenye majani, kama watu wanaongoja mtu aitikie. Na mimi niliangalia. Mchana ule na upepo ule, na sauti ile ikiwa imeita vizuri namna ile, nilidhani ataitikia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sikuwa nimemsikia akiinuka. Hakuwa analia. Alikuwa akiwatazama wale wanawake kwa macho ya mtu aliyebisha hodi.

Bibi mkunga alitua kibuyu chake chini. Alikuwa ndiye mtu pekee, zaidi ya mama, aliyewahi kumbeba mtoto yule.

"Zimefika," alisema.

Kisha akavuka mtaro. Hakungoja mama atoke, hakuuliza wazee watasemaje. Alivuka, akaja mpaka mlangoni na kumshika mama mikono yote miwili.

"Shikamoo," mama akasema. Sauti ilikuwa yake.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Wengine walikaa kidogo mpakani wakitazamana, wakavuka. Nyumba ikajaa watu, pombe ikamiminwa, jirani yetu wa juu akaitwa akaja, na hakuna aliyetaja kuanza upya, siku ile wala baadaye. Redio tuliisahau. Iliongea peke yake pale kwenye kiti mpaka betri zikaisha, na mama hakuzianika.